Barua pepe za skana na kipimajoto kunaswa na kichujio cha barua taka

Ndugu yangu wa Mufindi, umeeleza kwamba seva ya barua pepe ya kiwanda chenu cha chai inazihesabu kuwa taka nakala zinazotumwa na skana ya ofisi pamoja na tahadhari za kipimajoto cha chumba cha kunyaushia majani, ingawa vifaa vyote viwili vimo ndani ya mtandao wenu.

Kabla ya kubadili chochote, fungua vichwa (maelezo ya kiufundi yanayotangulia ujumbe) vya barua mojawapo iliyozuiliwa usome mstari wa X-Spam-Status, kwa kuwa SpamAssassin, programu ya kuchuja barua taka, huorodhesha humo kanuni zilizoipandishia barua alama hadi kufikia kikomo, ambacho kwa kawaida ni 5. Mara nyingi kosa ni la kifaa chenyewe: saa yake imerudi nyuma baada ya umeme kukatika, au hakiandiki kabisa tarehe ya ujumbe. Rekebisha saa kwanza.

Kisha kipe kila kifaa anwani ya IP isiyobadilika, uielekeze seva isizipitishe kwenye kichujio barua zitokazo kwenye anwani hizo tu. Nakusihi sana usitumie anwani ya barua pepe ya mtumaji kama kigezo, kwa sababu yeyote aliye nje anaweza kuighushi; wala usiuruhusu mtandao mzima, maana kompyuta moja ikiingiwa na virusi itamwaga taka bila kizuizi.

Ukimaliza, kipashe kipimajoto joto kwa makusudi, uhakikishe kwamba tahadhari imemfikia msimamizi wa zamu ya usiku.