Nilitafuta mwanamke kwenye simu ya mume wangu, nikakuta madeni

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, naishi Morogoro na mume wangu na mtoto wetu mmoja. Tangu mwaka jana mume wangu alibadilika. Simu anailaza kifudifudi, ikiita anatoka nje, pesa ya matumizi imepungua, na nikimuuliza anasema tu mambo yatakaa sawa. Nikajua kuna mwanamke. Rafiki yangu akanielekeza namna ya kuunganisha WhatsApp yake kwenye laptop yangu. Nilimvizia akiwa anaoga. Sasa ni miezi miwili nasoma kila kitu. Mwanamke sijamwona. Nilichokuta ni mikopo ya mtandaoni, hawa wa kausha damu, programu kama sita. Wanamtukana, na wameshawatumia wafanyakazi wenzake ujumbe kwamba ni tapeli. Kaka yake amemwomba aniambie, yeye akajibu: "Mke wangu asijue, ataniona si mwanaume." Shangazi, nikimwambia nimejua, atauliza nimejuaje. Rafiki yangu anasema ninyamaze, nilipe kidogokidogo kwa siri kwa pesa yangu ya kikoba. Nifanyeje?
Nisiyelala, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nakupa jibu kwanza, sababu zitafuata: mwambie. Mwambie yote mawili, deni ulilolikuta na njia uliyopita mpaka ukalikuta, na uanze na hiyo njia.

Barua yako ilikuwa ndefu, nimeifupisha, lakini kuna sehemu imenikaa moyoni. Unasema usiku mmoja ulikuwa jikoni na laptop, yeye yuko chumbani. Ukaona ujumbe wa mkopeshaji umeingia. Hukuufungua, kwa sababu ukiufungua wewe kwanza unahesabika umeshasomwa, na yeye angeshtuka. Ukasubiri. Alama ya kijani ikapotea, ukajua kausoma. Kisha majibu yake yakaanza kuingia moja moja: "Naomba mpaka Ijumaa." "Naomba msimpigie mama yangu." Ukafunga laptop, ukaenda kulala pembeni yake, hakuna aliyesema neno.

Hapo ndipo ubaya wa hili jambo ulipo, mwanangu. Mna shida moja, mnaijua wote wawili, na kila mmoja anaibeba peke yake. Kusoma kwako hakujampunguzia hata shilingi moja. Kumekufanya ujue usichoweza kukisema, na kila siku inayopita unazidi kupata cha kuficha. Yeye ana siri yake, na wewe sasa una yako.

Sikulaumu kwa kuhisi. Dalili ulizoziona zilikuwa za kweli: simu kifudifudi, matumizi kupungua, kutoka nje kupokea. Ulichokosea ni kuzitafsiri peke yako. Najua wapo watakaokutajia ile methali ya ukimchunguza sana bata humli. Mimi siikubali inapotumika kumfumba mke macho. Mke ana haki ya kumuuliza mumewe pesa ya nyumba inakwenda wapi, aulize mara ya pili, aulize mbele ya mshenga au wazee kama jibu halipatikani. Lakini kuuliza kunamfanya mwenzako ajue kwamba anaulizwa. Wewe uliingia bila hodi.

Na kuna jambo sidhani umelifikiria. Simu ya mumeo ilikuwa imeshaingiliwa kabla yako. Programu nyingi za mikopo ya aina hii, siku mtu anapoziweka, humwomba ruhusa ya kuona majina yote aliyohifadhi kwenye simu. Mtu ana shida, mtoto anaumwa au kodi imefika, anabonyeza kubali bila kusoma. Hivyo ndivyo wanavyopata namba za wafanyakazi wenzake na za mama mkwe wako, wakaanza kumwaibisha. Kwa hiyo huyu mwanaume tayari anaishi akijua kuna watu wameingia kwenye simu yake, wakachukua mambo yake, wanayatumia kumpiga nayo. Ukianza na "najua una madeni", masikio yake yatasikia sauti ileile ya wale. Ndiyo maana nasema anza na kosa lako.

Kabla ya kumwambia, toa hiyo laptop. Uondoe muunganisho kabisa, usiishie kufunga ukurasa tu. Yeye mwenyewe anaweza kuhakikisha kwenye simu yake, katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Kila kifaa kinaonekana pale pamoja na mara ya mwisho kilipotumika. Maana yake ni kwamba angeweza kukugundua siku yoyote kwa kubonyeza tu, na angekugundua vibaya.

Chagua siku mtoto akiwa amelala au yuko kwa bibi yake. Usimvizie akiwa na njaa au ametoka kazini tu. Mwambie hivi, au kwa maneno yako yanayofanana na haya: "Mume wangu, nimekukosea. Nilidhani una mwanamke, nikaunganisha WhatsApp yako kwenye laptop yangu, nimesoma kwa miezi miwili. Nimeshaitoa, angalia mwenyewe. Naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini". Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Usijitetee kwa kulitaja deni, hata kama litakuwa linakuwasha ulimini. Pengine ataondoka atembee kidogo. Pengine ataelewa papo hapo kwamba umeyaona yote, na hapo mtaangaliana. Akishatulia ndipo umwambie kwamba umeona jinsi wanavyomtukana, na kwamba kwako bado ni mwanaume na ni mumeo. Hilo neno analihitaji sana. Amemwambia kaka yake hivyo.

Nimesoma kwenye barua yako kwamba hajawahi kukuinulia mkono. Nisingekuwa na hakika hiyo, nisingekwambia ukae naye peke yako. Dada mwingine anayesoma hapa na mume wake anapiga, asiige ushauri huu. Azungumze kwanza na mtu anayemwamini, au aende Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.

Ujue pia kwamba ndoa haikukupa ruhusa ya simu yake. Katiba yetu, Ibara ya 16, inahifadhi mawasiliano binafsi ya kila mtu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuwa kosa kuingia kwa makusudi kwenye mfumo wa mtu bila idhini yake. Sikutishi. Nataka tu usije kusema "ni mume wangu bwana" siku unapoomba msamaha.

Mkishamalizana, kaeni na daftari. Aandike mwenyewe kila mkopo: jina la programu, alichopokea mkononi, ameshalipa kiasi gani, wanadai kiasi gani. Halafu angalieni kama mkopeshaji ana leseni, kwa sababu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa hadharani orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha kidijitali bila leseni. Huenda baadhi ya wanaomtukana mumeo wamo. Sisemi alichokopa asilipe. Nasema msilipe kwa hofu, na asikope kwa huyu ili amlipe yule, maana sita huwa zinaanza kwa moja. Matusi na zile jumbe kwa wafanyakazi wenzake azipige picha za skrini yeye mwenyewe, kwenye simu yake. Kutumia namba za watu kumwaibisha mkopaji ni jambo la kupeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na matishio yapelekwe polisi.

Kaka yake mtumieni. Ni mtu mwema, alishamshauri vizuri kabla yangu.

Huyo rafiki yako mshukuru kwa kukujali, lakini usimsimulie tena yaliyomo kwenye simu ya mumeo. Ameshajua mengi kuliko mume wako anavyodhani. Na ule ushauri wake wa kulipa kwa siri ukatae. Ukilipa kimyakimya, wakopeshaji watajua kuna mtu wa pili wa kumkamua, mumeo atashangaa nani analipa, na wewe utakuwa umefungua siri ya tatu. Kama mtaamua pesa ya kikoba isaidie, iamuliwe mezani, yeye akiwepo, mkijua ni mkopo upi unafungwa nayo na kikoba kitarudishiwa lini.