Marehemu, amelala, kuzimu: swali la dada wa Malindi

Dada mmoja wa hapa Malindi, Mkristo, kaniandikia. Mamake kafariki juzijuzi, mazishini mchungaji akasema "mama amelala", shangazi akakataza wasiandike "marehemu" kwenye msalaba ati ni neno la Waislamu, halafu kwenye Kanuni ya Imani wakasali kwamba Yesu "akashukia kuzimu" na yeye akaingiwa na baridi mwili mzima akifikiria jehanamu. Tangu siku hio anaogopa kufa, hata neno lenyewe halimtoki mdomoni. Na fundi wa msalaba anangoja maneno.

Pole sana dadangu. Nianze na kuzimu manake hapo ndo hofu ilipokushikia.

Kuzimu ni neno letu la Kibantu, hio -zimu ndo ile ya mzimu na mizimu, na ku- ya mbele ni ya mahali kama kule. Kule waliko wafu, basi. Jehanamu ni neno lingine kabisa, asili yake ni bonde la Hinomu karibu na Yerusalemu, likapitia Kiarabu likafika kwetu, na hilo ndo la adhabu. Soma Ufunuo 20:14 kwenye Biblia ya Union Version, ile ya 1952: "Mauti na Kuzimu zikatupwa katika lile ziwa la moto." Sasa kama kuzimu ndo moto wenyewe itatupwaje motoni? Ni kweli kwenye Luka 16 yule tajiri yuko kuzimu na anateseka, ndo mana watu wanachanganya, lakini pale mateso yametajwa kivyake, hayamo ndani ya neno. Kwa hivyo ile sala inasema Yesu alikufa kweli akafika wanakofika wafu wote, yaani alikopita mamako yeye kashapita.

Shangazi naye, kwa heshima zote, hapo kakosea. Marehemu asili yake ni Kiarabu, aliyerehemiwa, lakini malaika, injili, dhambi na sala pia ni Kiarabu na anazisema kila Jumapili. Na neno moja huweza kubeba maana mbili: hapa kwetu kigango kwa Wagiriama ni ule mti wa kuchonga wa kumkumbuka mzee aliyekufa, na kwa Wakatoliki kigango ni kanisa dogo chini ya parokia, na hakuna anayegombana. Mimi marehemu nalipenda, manake ukilisema ushamwombea mtu rehema hapohapo. Ila usiseme "wamarehemu", mmoja marehemu, kumi marehemu.

Amelala pia ni sawa na wala si kuficha. Yohana 11 Yesu anasema Lazaro amelala, wasipomwelewa anawaambia waziwazi amekufa, kwa hivyo yote mawili yametoka kinywa kimoja. Kufariki asili yake ni kuachana, neno la sisi tuliobaki, lakini kulala kunangoja kuamka na imani ya Mkristo iko hapo kwenye kuamka, kufufuka kwa mwili. Mimi nikisikia fufua nasikia ile -fu ya mfu na wafu, halafu -ua kama ya fungua na zibua, yaani kukitengua kifo chenyewe kama unavyotengua fundo la kamba, na kila nikilifikiria hili neno nashukuru nimezaliwa kwenye lugha hii.

(Peponi ni sawa pia, Luka 23:43 ndo neno alilopewa yule mhalifu msalabani, watoto wasiogope wakidhani ni kwa wale pepo wachafu.)

Na kufa, dadangu, liseme. Mbele za watu "mama alifariki" au "aliaga dunia" ndo adabu yetu, lakini kwenye sala zako mwambie Mungu mama alikufa na mimi naogopa kufa, manake Waebrania 2:15 inaitaja hio hofu ya mauti kwa jina lake na kusema Yesu alikuja kuwatoa watu humo.

Fundi mwambie aandike Marehemu, halafu jina la mama, tarehe zake mbili, na chini kabisa Amelala.