Nguzo 14 au 24?

SWALI: Nataka kuzungushia wavu ua wa nyuma ya nyumba yangu. Pande mbili za ubavuni zina mita 12 kila mmoja na upande wa nyuma una mita 18, yaani mita 42 kwa jumla, na geti dogo la mita 1.2 litakaa ubavuni, likipakana na nyumba. Nimegawanya 42 kwa 3 nikapata nguzo 14, lakini fundi ameandika 24. Je, ananiongezea?
Msomaji, Buswelu, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako hakukupunja, kosa lake ni kukupa jumla bila mchanganuo. Ulichopata kwa kugawanya ni nafasi za mita 3 kati ya nguzo, si nguzo zenyewe. Ubavu usio na geti una nafasi 4, upande wa nyuma 6, na ubavu wenye geti una nafasi 4 za mita 2.7 pamoja na ya geti lenyewe. Hizo ni nafasi 15, na kwa kuwa mstari huanza na kuishia kwa nguzo, zinahitajika nguzo 16. Wavu ukikazwa huvuta nguzo za kona na za mwisho, kwa hiyo kila kona hupewa nguzo 2 za kuegemeza na kila mwisho wa wavu nguzo 1, jumla 6.

Mbili zilizosalia, nadhani, ni za mwamba. Kwetu Mwanza shimo huweza kuanza vizuri kwenye udongo, kisha likagota jiwe kabla ya kufika nusu ya kina, nawe ukalazimika kusogeza nguzo na kuongeza nyingine ili nafasi isizidi mita 3. Kabla ya kulipa, pigilia mtaimbo kwenye kila alama, huenda usizihitaji.

Kwa nguzo za mita 2.4 zinazozama sentimita 60, mashimo 16 yenye upana wa sentimita 30 kila upande hula zege karibu mita za ujazo 0.8, yaani mifuko 5 ya saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Mfuko wa sita ni wa nguzo za kuegemeza. Mchanga uwe ndoo 21 za lita 20, na kokoto ndoo 42.

Wavu ni mita 40.8, lakini kiwanja kikiwa na mteremko, pima kwa kufuata ardhi, si kwa kamba iliyonyooka hewani. Roli likiwa na mita 15, nunua matatu.