Maswali ya Wasomaji: Zenit ya mjomba bado inapiga?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Mjomba wangu alisoma Urusi enzi za Wasovieti, kaniachia kamera yake Zenit-E na lenzi ya Helios 44-2. Fundi mmoja huku Tanga kaniambia mshale wa kupimia mwanga umekufa na hata pa kuweka betri hamna, eti niiuze iwe pambo la sebuleni. Ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Usiiuze ndugu yangu! Zenit-E haijawahi kutumia betri, kile kioo chenye vijinundu juu ya lenzi ndani yake kuna seleniamu, ikipigwa na mwanga inatoa umeme wake wenyewe wa kusogeza mshale. Ikichoka ndo basi tena, lakini kamera inapiga vilevile maana shata yake, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, inaendeshwa na springi tupu. Na jua la Tanga saa sita mchana halihitaji mshale, weka filamu ya ISO 200 (hicho ni kipimo cha inavyohisi mwanga), tundu la lenzi namba 16, spidi ya shata 250 (yaani 1/250 ya sekunde), ukiingia kivulini fungua tundu mpaka 5.6, maana namba ikipungua tundu linapanuka.

Kagua kwanza pazia la shata, ni kitambaa chenye mpira na umri huo si mchezo. Fungua mgongo bila filamu, vuta wenzo wa kusogezea filamu, angalia kama kimechanika au kimekunjamana, halafu elekeza dirishani upige spidi 30 huku unachungulia kwa nyuma, mwanga unatakiwa upite mstatili mzima.

Lenzi nayo iangalie kwenye mwanga, ukiona vitu kama vijizizi vyembamba hiyo ni fangasi, pwani imejaa hiyo kwa sababu ya unyevu, iwahi kabla haijala kioo. Ile kava ya ngozi iache kabisa, tunza kamera kwenye kontena linalofunga vizuri pamoja na vile vipakti vya silika vinavyokuja na viatu vipya.

Halafu Helios ina pete mbili za tundu, moja ya kuchagulia namba, nyingine ya kufungua na kufunga. Fungua mpaka 2 ili uone vizuri unapofokasi, kisha KABLA hujabonyeza funga mpaka igote. Wengi wanasahau hapo, picha zinatoka zimeungua na mwanga halafu lawama kwa kamera.

Hela yenyewe ukiuza ni ndogo, kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kilitoa zaidi ya milioni 3 za aina hii kuanzia 1965, siyo adimu. Mjomba kakuachia kitu cha kupigia picha, pigia.

SWALI: Naenda Muscat kwa dada, mashine za eapoti zitaharibu filamu zangu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Begi la kukabidhi usiweke filamu hata moja, huko mionzi ni mikali. Za mkononi, mashine za zamani hazina shida sana kwa filamu ya 200 au 400, ila hizi mpya za CT, zinazopiga mionzi pande zote za begi, zinaweza kuifanya picha zififie hata kwa kupita mara moja. Ziweke kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, mwombe askari kwa heshima azikague kwa mkono, na mwombe mapema kabla foleni haijakusukuma. Iliyomo ndani ya kamera imalize uirudishe kwenye kikopo chake kabla hujatoka nyumbani.