Wasomaji Wanauliza: Tuisheni ya Fizikia ya Chuo

Salaam mhariri. Nasomea shahada ya sayansi hapa Kampala, mwaka wa kwanza. S.6 (kidato cha sita) nilifaulu PCM (fizikia, kemia na hesabu) vizuri, lakini mekanika ya semesta ya kwanza imenishinda na lazima nirudie mtihani. Nataka mwalimu wa pembeni. Nianzie wapi, na nitajuaje kama anajua kazi?
*Mwanafunzi, Kampala*

Pole, ndugu yetu. Kabla ya kumtafuta mtu, tafuta ulipokwamia. Chukua karatasi za majaribio ulizorudishiwa, na kwa kila swali weka alama pale kalamu iliposimama. Je, ulishindwa kuchora kani zinazokivuta na kukisukuma kitu? Au ulizichora, ukaandika mlinganyo, kisha hesabu ikakugomea? Hayo ni magonjwa mawili, na hayatibiwi na mwalimu mmoja kila mara.

Jipime hivi. Gari liko mahali x = 5t² − 2t. Kasi yake ni ngapi, na mchapuko, yaani kasi hiyo inavyobadilika kila sekunde, ni ngapi? Majibu ni 10t − 2, kisha 10. Yakikuchukua zaidi ya dakika moja, unachokosa ni kalkulasi, na mwalimu mzuri wa hesabu kwa wiki tatu au nne atakufaa kuliko wa fizikia. Wengi waliofaulu PCM huangukia hapa, na sababu inaeleweka. Fizikia ya S.5 na S.6 kwa sehemu kubwa hutumia kanuni kama v = u + at, ambayo ni kweli pale tu mchapuko haubadiliki. Chuoni mchapuko unabadilika kwa muda au kwa kasi, kanuni ile inakufa, na aliyeikariri anabaki mikono mitupu.

Ukishajua tatizo, anzia idarani kwenu. Mwulize mhadhiri au msaidizi anayesimamia mazoezi: ni nani kati ya wanafunzi wa uzamili anayeeleza vizuri? Wao huwaona kazini kila wiki. Baada yao tafuta wanafunzi wa mwaka wa tatu waliofaulu somo hilohilo, kwa sababu wanajua mtihani wa hapo unavyotungwa. Walimu wa S.5 na S.6 nao wanafaa sana kwa mekanika, mawimbi na umeme wa mwanzo. Ila ukifika kwenye mada za juu kama kwanta au mekanika ya Lagrange, mwulize mwalimu wa sekondari mara ya mwisho alitatua lini swali la namna hiyo.

Alama zake nzuri ni ushahidi kwamba anajua, si kwamba anafundisha. Kwa hiyo omba kipindi kimoja cha majaribio, saa moja, na ukilipie. Nenda na swali hili ukiwa umelikosea makusudi: kitu cha kilo 2 kinateleza kwenye mteremko wa nyuzi 30, kizigeu cha msuguano ni 0.2, tafuta mchapuko. Andika kwamba uso unakisukuma kitu kwa nyutoni 19.6, yaani uzito wote. Msuguano utakuwa 3.92 na utapata mchapuko wa 2.94. Hilo ni kosa la kila darasa: kwenye mteremko uso unabeba sehemu tu ya uzito, 19.6 mara kosaini ya 30, ambayo ni karibu 17.0. Msuguano sahihi ni 3.4 na mchapuko ni 3.2.

Sasa mtazame mwalimu. Akifuta kazi yako na kuandika yake juu hadi chini, shukuru, lipa, uondoke. Akikuuliza "hii 19.6 umeitoa wapi?" kisha akanyamaza akusubiri uchore upya, huyo ni mwalimu. Mwulize pia: kitu kikiwa kilo 4, mchapuko unabadilikaje? Haubadiliki, maana tungamo linajikata pande zote mbili za mlinganyo. Anayejua atakuonyesha linapojikatia, hatakwambia tu "ni uleule".

Mkikubaliana, vipindi viwili kwa wiki vya saa moja na nusu vinatosha. Kalamu iwe mkononi mwako muda mwingi kuliko mkononi mwake, na kati ya kipindi na kipindi ujaribu maswali matano au sita peke yako, hata yakishindikana. Anza kufikia wiki ya tatu ya semesta. Anayetafuta mwalimu wiki ya kumi na mbili hupata mtu wa kupitia naye mitihani ya zamani tu, na mekanika haijengwi hivyo.

Mhadhiri wangu mwenyewe amesema anaweza kunifundisha pembeni kwa malipo. Nikubali?
*Msomaji, Jinja*

Hapana. Anatunga mtihani wako na anausahihisha, na pesa ikiingia kati yenu hata alama uliyoipata kwa jasho itatiliwa shaka. Nenda kwenye saa zake za kuonana na wanafunzi, ambazo ni za bure, ukiwa na maswali mawili uliyokwisha kuyajaribu kwa maandishi. Kwa tuisheni ya kulipia, mwombe akuelekeze kwa mtu mwingine.

Mwanangu wa kike yuko mwaka wa pili, uhandisi wa umeme. Kijana mmoja anataka alipwe pesa ya semesta nzima kabla ya kuanza, na amemwambia atamwandikia na kozwaki (kazi za kozi zinazopewa alama). Anataka wakutane chumbani kwake. Mnishauri.
*Mama, Mbale*

Mama, mtafutieni mwingine. Kozwaki iliyoandikwa na mtu mwingine ni udanganyifu na chuo kinaweza kumwadhibu mtoto. Halafu kuna hasara isiyoonekana mapema: kazi za nyumbani ndizo zinazomwandaa kwa mtihani, kwa hiyo ataingia ukumbini na alama nzuri za kozwaki na kichwa kisichojua saketi.

Malipo yaende kwa kipindi, au kwa vipindi vinne vinne, baada ya kufundishwa. Andikianeni ujumbe wa simu unaotaja somo, siku, saa, bei, na itakuwaje mmoja asipotokea. Tumeni kwa simu badala ya pesa mkononi ili ujumbe wa kutuma ubaki kama risiti, na msemezane mapema kama bei ni pamoja na ya kutolea. Ugomvi mwingi mdogo huanzia hapo.

Piga hesabu ya jumla kabla ya kukubali bei ya saa. Kwa mfano, mkisikilizana shilingi 20,000 kwa saa, vipindi viwili vya saa moja na nusu ni 60,000 kwa wiki, na kwa wiki 12 ni 720,000. Wakiwa wanafunzi watatu wa kiwango kimoja wakachangia, kila mmoja anatoa 240,000, au zaidi kidogo mwalimu akiongeza bei ya kikundi. Watatu wanafaa, hata wanne. Wakifika sita, hilo tayari ni darasa jingine la kukaa nyuma kimya.

Kuhusu mahali, wakutane maktaba, darasa tupu lenye mlango wazi, au sebuleni kwenu mtu mzima akiwepo. Mwalimu wa kweli hatachukia sharti hilo. Akilichukia, mmeshapata jibu lenu.

Nilitoka Kongo na diploma ya serikali, nimesoma fizikia kwa Kifaransa. Sasa niko chuo upande wa Mbarara na kila kitu ni Kiingereza. Fizikia naijua, lakini mtihani naanguka. Nitafute mwalimu wa lugha au wa fizikia?
*Msomaji, Isingiro*

Wa fizikia, anayeeleza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Darasa la lugha litakufundisha kusalimiana na kuandika barua, na halitagusa maneno yanayokuangusha. Maneno hayo si mengi, ila yamekaa pabaya, kwa sababu yanafanana na ya Kifaransa huku maana ikiwa nyingine.

La kwanza ni "tension". Ulikotoka, kwenye umeme, ni volteji, na mliiandika U. Hapa volteji ni V, na "tension" utaikuta kwenye mekanika ikimaanisha mvuto ulio ndani ya kamba. La pili ni "momentum", ambalo jicho lako linasoma kama "moment", uwezo wa kani wa kuzungusha kitu. Sivyo: ni ile "quantité de mouvement", tungamo mara kasi. Ukichanganya hayo mawili, swali la magari yanayogongana utalijibu kama swali la mlango na bawaba. La tatu ni "vitesse". Kifaransa kinalitumia kwa yote mawili, lakini Kiingereza kina "speed", kasi tupu, na "velocity", kasi yenye mwelekeo. Mkimbiaji akizunguka uwanja wa mita 400 kwa sekunde 80 na kurudi alipoanzia, "speed" yake ya wastani ni mita 5 kwa sekunde, na "velocity" ya wastani ni sifuri. Watahini wanalipenda swali hilo.

Kisha alama. Mliandika 9,81 na hapa ni 9.81. Hatari kubwa ni 1,250: kwa desimali za Kifaransa ni moja na robo, hapa ni elfu moja mia mbili hamsini. Kuzidisha vekta mlikoandika kwa ∧ hapa ni ×, na ile tg ya pembe hapa ni tan.

Tengeneza daftari la safu tatu, Kifaransa, Kiingereza, na maana kwa Kiswahili, na kila kipindi kianze kwa kulisoma dakika tano. Mwalimu akupe pia maswali ya kusoma tu bila kutatua: useme swali linataka nini, limetoa nini, na kani ziko wapi. Wewe huna upungufu wa fizikia, kwa hiyo muda wako uende huko.

Arua sijampata mtu. Je, kufundishwa kwa simu kunasaidia?
*Mwanafunzi wa ufundi wa umeme, Arua*

Kunasaidia, kwa sharti moja: mwalimu aione karatasi yako, si uso wako. Panga vitabu pande mbili za daftari, weka rula mbili juu yake kama daraja, na simu ilale hapo kamera ikitazama chini. Mwanga utoke ubavuni, ukitoka juu kivuli cha simu kinafunika kazi. Bando likiwa dogo, piga simu ya sauti tu na mtumiane picha za kila hatua, ambazo hula data kidogo sana kuliko video. Maswali yatume jana yake, ili umeme ukikatika katikati mwalimu awe na karatasi yako na aweze kuendelea kwa simu ya kawaida.

Ukimpata mwalimu wa nje, mtajie saa kwa namba za saa 24. Saa 1 usiku yetu ni 19:00. Kwa aliye London hiyo ni 16:00 wakati wa baridi na 17:00 wakati wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa nasi hatusogezi. Lakini kabla ya hayo, uliza Chuo Kikuu cha Muni hapo hapo Arua.

Mwalimu wangu ni hodari wa nadharia, lakini ripoti za maabara zinarudi na alama za chini. Afanye nini?
*Msomaji, Gulu*

Kipindi kimoja kila wiki mbili kifanyike na vitu mkononi. Anzeni na pendulamu: uzi wa mita moja, nati nzito, rula ya mita, na saa ya simu. Wengi hupima mpigo mmoja, yaani kwenda na kurudi mara moja. Mpigo huo ni kama sekunde 2, kidole chako kinachelewa sekunde 0.2 hivi, kwa hiyo kosa ni asilimia 10, na kwa kuwa muda unazidishwa kwa wenyewe, kosa la g (mchapuko wa kitu kinachoanguka, ndicho mnachotafuta) linafika asilimia 20. Pima mipigo 20 kwa pamoja: ni sekunde 40, kosa lilelile la 0.2 sasa ni asilimia 0.5, na la g ni asilimia 1. Urefu upimwe hadi katikati ya nati, si hadi fundo la uzi, na pembe ya kuachia isizidi nyuzi 10.

Rudieni kwa urefu wa sentimita 40 hadi 100, kila mara mkiongeza 10, kisha chora muda mara muda dhidi ya urefu kwa mita. Mstari unapaswa kuwa na mteremko wa karibu 4.0, na g ni 39.5 (yaani 4π²) ukigawanya kwa mteremko huo. Hapa Uganda tuko kwenye ikweta, kwa hiyo g ni karibu 9.78, wala si 9.81 ya vitabuni. Ripoti yenye 9.7 na kosa lililoandikwa wazi, pamoja na lilikotoka, msahihishaji anaiamini. Yenye 9.81 kamili kutoka kwenye uzi na nati humfanya aombe kuona daftari la vipimo.