Jibu: Uanze na ipi, ya 1934 au ya 1956?

Ndugu yangu, umeuliza kuhusu filamu The Man Who Knew Too Much, ambayo mwongozaji Alfred Hitchcock aliitengeneza mara mbili, 1934 na 1956: uanze na ipi, na kama kuna haja ya kuona zote mbili. Anza na ya 1956, kisha rudi nyuma. Kisa ni kilekile: wazazi wako safarini, wanadokezwa siri ya mauaji, mtoto wao anatekwa ili wafunge midomo. Ya kwanza ni ya Uingereza, nyeusi na nyeupe, inaanzia Uswisi na kumalizika kwa dakika 75. Ya pili inaanzia Marrakech, Morocco, na inachukua saa mbili.

Katika ya 1956, tukio la ukumbi wa Royal Albert Hall, London, ndilo lisilonitoka. Kwa takriban dakika 12 husikii mazungumzo, ni muziki mtupu. Muuaji anangoja matoazi yagonganishwe ndipo afyatue, mlio wa risasi umezwe humo. Mtutu unachomoza taratibu pembeni mwa pazia, mpigaji anayainua matoazi, na Doris Day, anayeigiza mama, kasimama anatetemeka, hajui amwokoe mtoto wake au anayelengwa. Anayeongoza okestra pale ni Bernard Herrmann mwenyewe, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo.

Lakini usiiache ya 1934. Ina mwigizaji Peter Lorre, akiwa mhalifu mpole wa sauti anayetisha kuliko wote wa 1956. Tena mama wa humo ni mlenga shabaha hodari, na kwa maoni yangu mwisho wake ni mkali zaidi. Sikuharibii utamu.