Sijala kitu usiku kucha, mbona sukari ya asubuhi iko juu?

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Nina kisukari cha aina ya pili, mwaka wa tatu huu, na natumia dawa ya metformini peke yake. Kinachonisumbua ni kipimo cha asubuhi. Nikipima kabla ya kulala napata 6.8, nikiamka, kabla sijatia chochote mdomoni, napata 8.9. Nilipunguza wanga wa jioni, kisha nikawa nalala bila kula kabisa, lakini asubuhi hali ni ile ile. Nyumbani wameanza kudhani nakula kwa siri. Sukari hii inatoka wapi? Na je, ni kweli kuna watafiti waliowatoa watu kwenye kisukari kwa kupunguza uzito, au ni maneno ya wauza dawa?

JIBU: Inatoka kwenye ini lako. Waambie hivyo na wa nyumbani, kwa sababu lawama wanayokutwisha haina msingi. Mtu anaweza kulala na njaa, akaamka na sukari iliyo juu kuliko aliyolala nayo, na asiwe amekosea lolote.

Damu yote ya mtu mzima ina glukosi, yaani sukari ya damu, ya gramu 4 au 5 tu. Ubongo peke yake hutumia karibu gramu 5 kila saa, umelala au uko macho. Kwa hiyo kama sukari ya damu ingetegemea chakula pekee, hakuna ambaye angelala akaamka. Kinachotuvusha usiku ni ini. Mtu akishiba, ini huweka akiba ya glukosi kwa umbo la glikojeni, kiasi cha gramu 100 hivi, kisha huitoa kidogo kidogo. Akiba ikipungua, ini hutengeneza glukosi mpya kutokana na vitu ambavyo si sukari: laktati inayotoka kwenye misuli na chembe nyekundu za damu, gliseroli inayotoka kwenye mafuta, na asidi amino za protini. Mtu wa kilo 70 asiye na kisukari, akiwa amefunga usiku kucha, ini lake hutoa takriban gramu 8 za glukosi kila saa.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1855 mwanafiziolojia Mfaransa Claude Bernard alichukua ini la mbwa aliyekufa muda huo huo, akapitisha maji kwenye mishipa yake mpaka yakawa yanatoka bila dalili ya sukari. Akaliacha. Kesho yake ini lile, ambalo halikuwa tena na mwili wala chakula, lilikutwa na sukari tena. Mwaka 1857 akaitenga glikojeni yenyewe. Kabla ya kazi yake wataalamu wengi waliamini kwamba mimea tu ndiyo hutengeneza sukari, na mnyama kazi yake ni kuila. Naona imani hiyo bado ipo kwa namna fulani, ndiyo maana mgonjwa akipima asubuhi akakuta namba mbaya, swali la kwanza analoulizwa ni "jana ulikula nini?"

Sasa turudi kwenye namba zako. Kutoka 6.8 hadi 8.9 ni ongezeko la milimoli 2.1 kwa lita. Ukilitawanya katika majimaji ya mwili wa mtu wa kilo 70, linakuwa gramu 5 au 6 tu za glukosi. Linganisha na gramu zaidi ya 60 ambazo ini la mtu huyo lingetoa katika usingizi wa saa nane, halafu utaona kwamba ini lako halijafanya kitu cha ajabu. Limezidisha kidogo kuliko mwili ulivyotumia, saa baada ya saa, mpaka ziada ikaonekana kwenye kipimo.

Linazidisha kwa nini? Kongosho humwaga insulini kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini, na insulini ndiyo inayoliagiza ini lipunguze kutoa glukosi. Katika kisukari cha aina ya pili ini huwa sugu kwa agizo hilo, huku kongosho nalo likishindwa kuongeza insulini ya kutosha kufidia. Juu ya hapo, kuanzia kama saa tisa usiku mpaka saa mbili asubuhi, homoni za kuuandaa mwili kuamka, hasa kotisoli, pamoja na homoni ya ukuaji iliyotolewa usingizini, huipunguzia insulini nguvu. Kwa asiye na kisukari, kongosho huongeza insulini kidogo na mwenyewe hajui kama kuna kilichotokea. Kwako wewe ongezeko hilo halitoshi.

Kulala bila kula hakusaidii kwa sababu hiyo. Ini hutoa glukosi hasa pale ambapo chakula hakiingii, kwa hiyo kwa kuacha mlo wa jioni hujaligusa tatizo. Kupunguza wanga jioni kuna faida yake, hushusha sukari ya baada ya kula, lakini usikipime kitendo hicho kwa namba ya asubuhi ukakata tamaa. Metformini uliyonayo ni dawa sahihi, kwani kazi yake kubwa ni kupunguza glukosi inayotoka kwenye ini. Usiiache kwa kuona haijafika unapotaka.

Huenda pia umesikia kwamba sukari ya asubuhi hupanda kwa kuwa ilishuka mno usiku, kisha mwili ukairudisha kwa nguvu. Nadharia hiyo ni ya Michael Somogyi, ya miaka ya 1930. Vifaa vinavyopima sukari mfululizo havijaiunga mkono sana: walioshuka usiku mara nyingi huamka wakiwa bado chini. Kwa anayetumia metformini pekee nafasi ya kushuka hivyo ni ndogo sana. Anayetumia insulini au dawa za kundi la salfonilurea, zinazolisukuma kongosho kutoa insulini, yeye apime saa tisa usiku siku kadhaa kabla daktari wake hajabadilisha dozi.

Swali lako la pili linaungana na la kwanza, na hapo ndipo penye habari njema. Ini huwa sugu kwa insulini hasa linapojaa mafuta. Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, alikuwa na hoja hii: mafuta yakizidi kwenye ini, ini hutoa glukosi nyingi, na wakati huo huo husafirisha mafuta ya ziada kwenda sehemu nyingine za mwili, kongosho likiwemo, ambako seli zinazotengeneza insulini huzubaa. Mwaka 2011 kundi lake lilichapisha jaribio dogo ambalo mimi nalihesabu kati ya majaribio mazuri kabisa katika fani hii. Watu 11 waliokuwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka minne walisimamishiwa dawa na kupewa mlo wa kalori 600 kwa siku kwa wiki 8, huku mafuta ya ini na kongosho yakipimwa kwa mashine ya MRI. Ndani ya siku 7 mafuta ya ini yalipungua kwa takriban asilimia 30, na wastani wa sukari kabla ya kula ulishuka kutoka 9.2 hadi 5.9. Siku saba tu! Uzito ulikuwa umeanza kupungua, lakini walikuwa bado watu wanene. Kilichobadilika haraka ni ini. Kongosho lilichelewa: mafuta yake yalipungua polepole kutoka asilimia 8.0 hadi 6.2 katika wiki hizo 8, na uwezo wa kutoa insulini ukarudi kwa mwendo huo huo.

Jaribio la watu 11 halitoshi kubadilisha matibabu, kwa hiyo likaja kubwa zaidi, DiRECT, lililoongozwa na Taylor pamoja na Mike Lean wa Chuo Kikuu cha Glasgow na kuchapishwa mwaka 2017. Watu 298 kutoka vituo vya afya vya kawaida vya Scotland na Tyneside waligawanywa nusu kwa nusu. Nusu waliendelea na matibabu ya kawaida. Nusu nyingine waliacha dawa za kisukari, wakaishi kwa mchanganyiko maalumu wa kunywa wenye kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, kisha wakarudishwa kwenye chakula taratibu huku wakifuatiliwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya kundi hilo hawakuwa tena na vipimo vya kisukari bila dawa yoyote, dhidi ya asilimia 4 ya wenzao. Kati ya waliopunguza kilo 15 au zaidi, waliofika hapo walikuwa asilimia 86. Hakuna hata mmoja aliyefika hapo kati ya walioongezeka uzito. Mwaka wa pili asilimia 46 ilishuka ikawa 36, kwa sababu uzito ulianza kurudi, na waliorudiwa na kisukari walionekana kuwa na mafuta yanayorudi kwenye kongosho.

Kwa hiyo si maneno ya wauza dawa. Lakini naomba usinielewe vibaya: hao hawakupona kwa maana ya kusahau ugonjwa. Ugonjwa umetulia. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2021 yanataka HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili au mitatu iliyopita, iwe chini ya asilimia 6.5 kwa angalau miezi 3 bila dawa, na hata hapo macho, figo na miguu viendelee kukaguliwa kila mwaka. Tena walioingia DiRECT walikuwa na kisukari cha aina ya pili kisichozidi miaka 6 na hawakuwa kwenye insulini. Mwenye aina ya kwanza asijaribu kabisa, maana seli zake za insulini zimeharibiwa na kinga ya mwili, na bila insulini atapoteza maisha.

Wewe, kwa mwaka wa tatu na metformini pekee, uko katika kundi lenye nafasi nzuri. Hukuniambia uzito wako, na hata kama si mnene usijitoe: katika utafiti mwingine wa Newcastle, watu 20 wenye uzito wa kawaida au unaozidi kidogo tu walipunguza uzito kwa mpango maalumu, na 14 kati yao kisukari kikatulia. Kila mtu ana kiwango chake cha mafuta ambacho ini lake haliwezi kukivumilia, na kioo hakiwezi kukuonyesha.

Usianze mlo wa kalori 800 peke yako. Mwone daktari wako kwanza, apime HbA1c, utendaji wa ini na figo, na shinikizo la damu, kwa sababu dawa za shinikizo nazo huenda zikahitaji kupunguzwa uzito ukishuka haraka. Kama mpango mkali kiasi hicho hauwezekani, kupunguza polepole nako kunasaidia: katika DiRECT, kati ya waliopungua kilo 5 hadi 10, asilimia 34 kisukari chao kilitulia. Uchague mlo wenye wanga kidogo au mafuta kidogo, kwangu hilo ni la pili. La kwanza ni uwe mlo unaoweza kuishi nao miaka, kwa sababu ini huangalia mafuta yaliyobaki ndani yake.

Wakati unasubiri miadi, tembea nusu saa baada ya mlo wa jioni, kwa sababu misuli inayofanya kazi huvuta glukosi hata insulini ikiwa dhaifu, na ulale saa za kutosha. Pima kabla ya kulala na unapoamka kwa wiki mbili, uandike kila namba pamoja na uzito wako, umpelekee daktari karatasi hiyo. Na jioni, kula.